Inveta nzuri, waya mbaya: miezi minane na inveta ya wati 1000

Binti yangu wa pili ana pumu. Dawa yake ya usiku anaivuta kwa nebulaiza ya mezani, ile ya pampu inayounguruma, na nebulaiza hiyo haina betri. Umeme ukikatika katikati ya usiku, mashine inanyamaza na mtoto ananitazama. Hiyo ndiyo sababu nilinunua inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Friji, taa na modemu ya intaneti vilijiunga baadaye.

Nimekaa nayo miezi minane. Ningeandika baada ya wiki mbili za kwanza, ningeisema vibaya na ningekuwa nimeionea.

Ni ya wati 1000. Inapokea volti 12 kutoka kwenye betri na kutoa volti 230. Mbele ina soketi mbili na kioo kidogo kinachoonyesha volti za betri na wati zinazotumika. Nyuma ina feni mbili, na kati ya waya wa chanya na wa hasi kuna skrubu ya ethi, ya kuunganisha waya wa kwenda ardhini, ambayo wengi huiacha wazi. Mafundi wanaziita za aina hii "pyua saini", maana umeme wake hupanda na kushuka kwa mkunjo laini kama ule wa gridi. Niliyokuwa nayo kabla yake ilikuwa ya aina ile nyingine ya bei nafuu, ambayo umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi. Taa iliwaka vizuri na simu zilichaji. Lakini nilipochomeka nebulaiza, sauti yake ilibadilika, ikawa na mvumo mzito kama nyuki ndani ya debe. Dakika ya kumi niliweka kiganja juu ya kifuniko chake nikakiondoa haraka, kilikuwa cha moto. Mota na pampu hazipendi umeme wa ngazi. Sehemu ya nguvu inageuka joto badala ya kazi. Kwa taa na chaja, sawa, ya ngazi inatosha. Kwa kitu chenye mota, hasa kitu ambacho mtu anakitegemea kupumua, usibane hela hapo. Kwenye hii mpya nebulaiza inaunguruma vilevile kama ikiwa kwenye umeme wa ukutani.

Sasa nieleze wiki zile mbili mbaya.

Fundi wa kwanza aliweka betri kwenye ukumbi wa nyuma, na inveta akaifunga sebuleni karibu na televisheni, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka kuiona. Waya zilizokuja na inveta zina urefu wa sentimita 60 hivi. Akaziunganishia waya nyingine za milimita 10 za mraba, akazisokota pamoja, akazungushia utepe mweusi, akazipitisha kwenye kona ya ukuta. Mita nne kwenda, mita nne kurudi. Kwa macho ilikuwa kazi safi.

Taa ziliwaka, modemu ikawaka. Friji ikijaribu kuwaka, taa zilififia, inveta ikapiga kelele na kuzima. Friji yangu ikishawaka inatumia wati 90 tu, lakini sekunde ile ya kwanza kioo kinaruka kupita 700. Nikaamini inveta ni feki, kwamba wati 1000 zimeandikwa kwenye boksi tu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta risiti niirudishe.

Siku hiyohiyo jioni nilisikia harufu. Ile ya plastiki inayoanza kulainika, si ya kuungua bado. Nikafuata ukuta kwa pua hadi kwenye kile kiungo. Nilipougusa utepe, ulisogea chini ya kidole kama gundi iliyopashwa. Waya wenyewe, pande zote mbili za kiungo, ulikuwa baridi. Joto lote lilikuwa pale waya ziliposokotwa, mahali padogo kama kidole gumba, nyuma ya pazia. Nilizima inveta, nikachomoa waya wa betri, na usiku ule tulilala na tochi.

Fundi wa pili alikuja na mita mbili za kupimia volti. Moja aliishika kwenye vichwa vya betri, nyingine akanipa mimi niishike kwenye vichwa vya inveta. "Dada, soma yako friji ikiwaka," akaniambia. Friji ilipowaka, ya kwake ilisoma 11.6. Yangu ilisoma 10.4. Volti moja na zaidi ilikuwa imepotelea njiani, kwenye zile mita nane na viungo vyake. Inveta hii imewekwa izime volti zikishuka chini ya 10.5 ili isiikaushe betri, kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Ilidhani betri imekwisha. Ilikuwa inadanganywa na waya.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho karatasi ya maelezo haikunieleza. Nguvu, yaani wati, ni volti mara ampea, yaani mkondo. Wati 700 kwenye volti 230 ni ampea 3 hivi, zinapita kwenye waya wa kawaida wa pasi bila shida. Wati zilezile upande wa volti 12, ukijumlisha na zinazopotea ndani ya inveta yenyewe, zinafika ampea 70. Mzigo kamili wa wati 1000 unapita ampea 90. Huo ni mkondo mkubwa, na kila kiungo kilicholegea kinaugeuza kuwa moto. Kwa hiyo ukitaka kurefusha, refusha upande wa volti 230. Upande wa betri uwe mfupi na mnene kadiri unavyoweza.

Alihamisha inveta ikaenda ukumbi wa nyuma karibu na betri. Akaweka waya wa shaba wa milimita 35 za mraba, mita moja kila upande, bila kiungo hata kimoja katikati. Mwishoni mwa kila waya alibana pete ya shaba kwa mashine ya kubania, akaikaza kwa spana. Vile vibano vyenye meno vilivyokuja kwenye boksi alivitupa kando, akasema hivyo ni vya kujaribia tu. Tuliwasha friji. Mita yangu na yake zilipishana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Inveta haikulia. Ni ileile niliyokuwa naitafutia risiti.

Kuna kitu alikiweka kabla ya vyote, nami nakitaja peke yake kwa sababu fundi wa kwanza hakukiweka kabisa: fyuzi ya ampea 125 kwenye waya wa chanya, kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri. Nilimuuliza kwa nini, inveta si ina fyuzi zake ndani? Akasema zile zinailinda inveta. Waya ukichubuka ukagusa chuma njiani, fyuzi za ndani hazijui chochote, na betri ya saizi hii ikipigwa shoti inaweza kumwaga ampea zaidi ya elfu moja. Waya unakuwa mwekundu kabla hujafika kuuchomoa. Kama umeshafungiwa inveta nyumbani, inuka sasa hivi uangalie kama fyuzi hiyo ipo. Kama haipo, mwite fundi kabla ya kumalizia kusoma.

Nilivua bangili kabla ya kumsaidia kushika waya, yeye mwenyewe aliniambia. Spana yake ilikuwa imezungushiwa utepe mpini mzima, ibaki mdomo tu, isije ikagusa chanya na hasi kwa pamoja. Waya wa mwisho ulipogusa betri kulitoka cheche na mlio wa "tsa!" nikaruka nyuma. Ni kawaida, kapasita za ndani ya inveta zinajijaza mara moja. Lakini inveta yenyewe lazima iwe imezimwa wakati huo, na chanya na hasi zisibadilishwe hata kwa sekunde. Zikibadilishwa, mara nyingi inveta inakufa papo hapo.

Cheche hiyo ndiyo inayoeleza pia mahali pa kuweka betri. Betri yangu ni ya risasi na asidi, ile ya kuongeza maji, ya ampea-saa 100. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikikusanyika kufika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Ndiyo maana haikai kabatini wala chini ya kitanda. Iko chini ya dirisha lenye wavu lisilofungwa, na inveta iko ukutani pembeni yake, siyo juu yake, kwa sababu haidrojeni hupanda. Watoto wamekatazwa ukumbi ule, na betri ina kifuniko cha mbao chenye matundu.

Jambo la kuunganisha kwenye nyumba nitalisema kwa ukali. Fundi wa kwanza alikuwa amependekeza waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja kwenye inveta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, "nyumba nzima iwake". Nilikataa kwa hofu tu, wakati ule sikuwa na hoja. Hoja ninazo sasa. Plagi ya pili ikichomoka, meno yake yana volti 230 mkononi mwa mtu yeyote atakayeiokota. Umeme wa gridi ukirudi, unakutana na wa inveta na inveta inaungua. Na kama swichi kuu haikuzimwa, umeme wako unatoka kwenda barabarani, unafika kwenye transfoma kinyumenyume, unapandishwa kuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna mtu anayetengeneza laini akiamini haina kitu. Mtu huyo ana watoto wake. Asikufungie mtu waya huo.

Tulichofanya ni kutenga laini moja: taa nne, soketi ya friji, soketi ya chumba cha mtoto. Laini hiyo inapita kwenye chenjiova, swichi ambayo iko ama upande wa gridi ama upande wa inveta, haiwezi kugusa zote mbili. Skrubu ile ya ethi ikaunganishwa na ethi ya nyumba. Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni, sikuigusa. Pasi na birika la umeme viko kwenye soketi nyingine kabisa. Birika la wati 2000 lingeizima inveta hii mara moja, na hata ingekuwa kubwa zaidi, lingeimaliza betri kabla hujachemsha mara nyingi.

Kuhusu betri, jipigie hesabu mwenyewe kabla hujanunua. Ampea-saa 100 mara volti 12 ni wati-saa 1200, lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo nahesabu 600. Za litiamu unaweza kuzitumia karibu zote, na kama ningeanza upya ningejiwekea hela ninunue hiyo. Friji yangu, kwa kuwaka na kuzima, ni wastani wa wati 45. Nebulaiza ni wati 150, lakini kwa robo saa tu, haifiki hata wati-saa 40. Inveta yenyewe ikiwa imewashwa bila kitu inakula wati 11. Inaonekana kidogo, sivyo? Kwa siku nzima ni wati-saa 264, karibu nusu ya akiba yangu, bila kuwasha hata taa. Niliiacha imewashwa wiki nzima kabla sijajua. Sasa naizima umeme ukirudi.

Malalamiko yangu kwa watengenezaji ni mawili. King'ora cha betri kupungua hakina kitufe cha kukizima, na kinaanza kwenye volti 11 kwa sauti ya kuamsha mtaa. Pili, karatasi ya maelezo haitaji unene wa waya wala fyuzi popote. Wameandika mistari mingi kuhusu rangi za taa za mbele, na kitu kinachoweza kuchoma nyumba hakina hata mstari mmoja. Hilo si dogo na kwa ajili yake nawapunguzia nyota. Nne kati ya tano.

Juzi umeme ulikatika saa nane usiku. Binti alikuwa ameshaanza kukohoa. Nilikwenda nyuma kwa tochi, nikageuza chenjiova, nikabonyeza swichi. Friji nilikuwa nimeichomoa mapema, usiku nebulaiza huwa haishindani na kitu. Kioo kilisoma volti 12.5, wati 148. Nilikaa naye hadi dawa ikaisha, akalala na barakoa bado iko usoni. Nikaitoa taratibu. Kabla sijazima niligusa waya, chanya kisha hasi, na pale kwenye pete za shaba. Baridi zote.