Kozi ya onlaini ya uchangishaji fedha kwa watu wa imani: nimeimaliza, maoni yangu haya hapa

Nyota nne kati ya tano. Jina la kozi naliacha maana kuna mambo nayalalamikia na sina nia ya kumharibia mtu biashara, ila kozi za namna hii ziko nyingi na zinafanana sana, kwa hiyo ukisoma utajua uangalie nini kabla hujatoa hela yako.

Ni kozi ya watu wanaofanya au wanaotaka kufanya kazi ya kutafutia fedha mashirika yasiyo ya faida, na wanaichukulia hiyo kazi kama wito, si mshahara tu wa mwisho wa mwezi. Kuna video unaangalia kwa muda wako, kuna darasa la Zoom la moja kwa moja, halafu unapangiwa mlezi, mtu aliyeifanya hii kazi miaka mingi, mnaongea kwa simu. Walioiandaa ni Wakristo na hawafichi, ila darasani kwetu walikuwepo Waislamu pia na kusema ukweli wao ndo walichangamsha mambo, nitafika huko.

Video za mwanzo ziruke. Sitanii. Ni ushuhuda juu ya ushuhuda, mtu alifunga akaomba, simu ikalia, mfadhili huyo kajitokeza. Namshukuru Mungu kwa ajili yao ila mimi nimelipa nifundishwe kazi. Halafu wamemshikilia sana George Müller, yule wa nyumba za yatima za Bristol karne ya 19 ambaye hakuwa anawafuata watu kuwaomba hela, anamwomba Mungu basi, wanakuambia huo ndo mfano wa kuiga, lakini hawagusi kabisa kwamba huyohuyo alikuwa anachapisha ripoti kila mwaka, nini kimeingia na kimetumikaje, na watu wanaisoma. Jamani hiyo ripoti peke yake ni somo zima! Wameipita tu hivihivi.

Afadhali somo la Nehemia, hapo mwalimu alitulia. Huyu Nehemia wa kwenye Biblia alisikia kuta za Yerusalemu zimebomoka mwezi wa Kisleu, akakaa kufunga na kuomba, akaja kumwomba mfalme wake ruhusa ya kwenda kuzijenga mwezi wa Nisani, kama miezi minne hivi katikati, sasa mfalme alipomuuliza unataka nini hakuanza kujikunakuna kichwa. Alitaja muda atakaokuwa safarini, akataka barua za kuwapelekea maliwali, akataka na barua ya kumpelekea Asafu mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti ya malango. Jina la mtu wa msituni analijua! Huyo kafanya utafiti. Nimeona watu wanaenda kwa mfadhili mkubwa hawajui hata nani anasaini hundi.

Sehemu iliyonifanya nisijutie hela yangu ni mazoezi ya kuomba ana kwa ana. Mnagawanywa wawiliwawili, mmoja mfadhili mmoja mwombaji, mwalimu anasikiliza kamera zikiwa wazi. Sheria ni moja: taja kiasi, taja kazi ya hiyo hela, halafu nyamaza. Mwenzetu mmoja, mchungaji kabisa, mtu wa kuongea mbele ya mamia, kataja kiasi chake vizuri, yule "mfadhili" kanyamaza kidogo tu akifikiria, mchungaji hakuvumilia akasema "au hata nusu yake si mbaya", kimya tena, akasema "au chochote utakachoguswa". Yaani kajipunguzia mwenyewe mpaka chini bila kuulizwa kitu. Darasa zima lilicheka ila ukweli kila mtu alijiona pale. Mwalimu akamwambia kitu kizuri, kwamba ule ukimya ni wa mfadhili, ndo anapima moyoni mwake, ukiujaza maneno unamnyang'anya nafasi ya kuamua mwenyewe, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Sasa atakusudia saa ngapi kama hufungi mdomo?

Zoezi la barua ya shukrani nalo lilikuwa kali. Mlezi wangu alirudisha barua yangu kaizungushia wino mwekundu kila palipoandikwa "sisi" na "shirika letu", ukurasa ukawa kama una tetekuwanga. Aya ya kwanza yote ilikuwa historia ya shirika. Akaniuliza huyu mama aliyetuma mchango yuko wapi humu ndani? Hakuwepo. Na aliniambia barua ya pili, ile isiyoomba kitu, inayosema hela yako ilifanya hiki na hiki, ndo inamfanya mtu arudi mwaka unaofuata, sasa wengi wetu tunamkumbuka mfadhili tukiwa na shida tu.

Kuna mjadala mmoja nimeupenda ambao kozi za kawaida huwezi kuukuta. Unampigia mfadhili kumshukuru, katikati ya maongezi anakwambia mume wake anaumwa, mniombee. Je, unaliandika hilo kwenye mfumo wa kumbukumbu za wafadhili ambao ofisi nzima inausoma? Wengine walisema andika, ndo utamjali zaidi, utakumbuka kuuliza hali. Wengine wakasema hapana, alikuambia wewe kama ndugu katika imani, hakuiambia ofisi. Mwalimu alisema muulize mwenyewe kama anaruhusu, asiporuhusu muombee na uishie hapo, na kamwe ugonjwa wa mtu usije ukawa ndo sababu ya kupanga ombi lako lije lini. Na wale wa "panda mbegu ya kiasi hiki upokee muujiza" waliambiwa waziwazi kwamba huko ni kumbana mtu kwa jina la Mungu. Hapo nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Haya, mshahara. Swali linalowasumbua watu wa imani ni je ni halali kulipwa kwa kuomba sadaka, tena ulipwe kiasi gani. Video imejaa aibu aibu, inazungukazunguka. Aliyetuokoa ni dada mmoja wa Kiislamu, akasema kwetu hili lilishajibiwa, kwenye Kurani sura ya Tawba aya ya 60 inataja makundi manane ya kupewa zaka na moja ni wale wanaoikusanya na kuisimamia. Kimya darasani, kisha watu wakaanza kuandika. Basi mwalimu akaongezea kwamba kulipwa mshahara ni sawa ila asilimia ya unachokusanya hapana, maadili ya AFP, chama cha wachangishaji kilichoanzishwa Marekani 1960, yanakataza, maana ukilipwa asilimia utamsukuma mtu atoe leo hata kama kumsubiri kungekuwa na faida kwake na kwa shirika. Ukienda kwenye usaili ukaahidiwa asilimia, hata kama bosi anaanza kikao kwa sala, jiulize mara mbili.

Nyota niliyoinyima sasa. Hela zenye masharti, yaani mtu katoa kwa ajili ya kisima na nyie mna deni la umeme, wamezipa dakika chache mno, wakati huko ndo mashirika ya dini mengi yanapoharibikia, tena si kwa wizi, ni ile "tutairudisha baadaye, Mungu anajua nia yetu". Paulo huyohuyo alituma na ndugu wengine wanaoaminika waisindikize ile changizo ya kuwasaidia waumini wa Yerusalemu ili asilaumiwe na mtu, mfano upo mkononi na hawakuutumia. Pili, mlezi ni mzuri ila kumpata ni kazi, meseji inajibiwa akijisikia, na ofisi yao ukilalamika wanakutumia mstari wa baraka.

Na cheti wanachotoa ni cha kuhudhuria tu, msije mkadanganyika na tangazo. Cheti kinachotambulika kwenye hii fani kimataifa ni CFRE (Certified Fund Raising Executive), na hicho kina mtihani, kinataka uwe umeshafanya kazi hii miezi 36 ndani ya miaka mitano, na unakihuisha kila baada ya miaka mitatu. Kama tayari una uzoefu mkubwa ulizia kama wanauza yale mazoezi ya Zoom peke yake, mwenzangu mmoja aliulizia akakubaliwa. Kama ndo unaanza lipa kwa awamu, anzia video za katikati, na omba upangiwe mlezi mapema kabla nafasi hazijajaa.