Walipandisha mashamba yetu msituni, halafu wakamwambia mzee "ni mita tu"

Haya ni maoni yangu kuhusu huduma ya ofisi moja; jina lake silitaji. Iko hapa Mbeya mjini, juu ghorofani, wanachora ramani na kubadilisha data za mashamba kutoka fomati moja kwenda nyingine. Nimekaa na jambo hili tangu msimu uliopita nikidhani litapoa. Halijapoa.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kwenye miteremko ya milima ya Mbeya. Mashamba yetu yako chini, msitu wa hifadhi uko juu yetu, upande wa kaskazini. Mnisomee mkikumbuka hilo kila hatua, maana ndiko maumivu yalikotokea.

Mnunuzi wetu anauza Ulaya, na kule wana sheria ya 2023 inayokataa kahawa iliyotoka kwenye shamba lililofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba linalozidi hekta 4 wanataka mpaka mzima. Kwa dogo nukta moja inatosha, ila mnunuzi alitaka mipaka ya yote. Alitaka faili la GeoJSON, fomati ya ramani inayoandika mahali kwa digrii za longitudo na latitudo. Sisi tulikuwa na mchoro wa DXF tu (fomati ya michoro ya kompyuta), ambao mpima alituachia miaka ya nyuma, namba zake zote ni mita. Kwa hiyo nikapanda daladala na flashi yangu, nikalipa, nikaambiwa nirudi kesho.

Faili la kwanza nililifungua nyumbani kwenye Google Earth. Mashamba yetu yalikuwa baharini, Atlantiki, karibu na pwani ya Morocco! Walikuwa wamebadilishana latitudo na longitudo. Kwenye GeoJSON longitudo hutangulia, wao wakaanza na latitudo, basi 33 yetu ya mashariki ikageuka 33 ya kaskazini. Nilipiga simu, wakaomba radhi, jioni ileile wakatuma jingine. Kwa hilo sikuwa na kinyongo kabisa. Kosa la namna ile linajitangaza lenyewe, hata mtoto analiona.

La pili ndilo lililojificha. Nililifungua, nikaona milima yetu, nikaona barabara, maumbo ya mashamba yamekaa vizuri, nikamtumia mnunuzi. Baada ya siku kadhaa akajibu kwamba mashamba kumi na moja yako ndani ya hifadhi, kahawa yake haipokelewi mpaka tujieleze.

Kumi na moja! Na wakati huo kahawa iko kwenye vichanja inakauka, watu wanasubiri ada za watoto.

Nilirudi mjini pamoja na mzee mmoja ambaye shamba lake ndilo la mwisho kwa juu, linapakana na msitu. Aliona aibu kuliko sisi sote, maana jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ile. Alivaa koti. Tukaingia, yule kijana mtaalamu hakuinua macho kwenye kompyuta, shikamoo hakutoa. Nikamweleza kwamba mashamba yamesogea kwenda juu mlimani. Akasema, "Hizo ni mita tu, mama. Kompyuta haikosei. Labda mzee amelima msituni."

Alisema hivyo mbele yake. Mzee ambaye mibuni yake ya kwanza aliipanda na baba yake, ambaye bikoni zake, zile alama za mpaka, anazijua kama vidole vyake, anaambiwa mvamizi wa hifadhi na mtu ambaye hajawahi kufika kijijini kwetu. Mzee hakujibu. Alivua kofia akaishika mkononi, akasimama hivyo hivyo. Mimi nilijibu, na niliyoyajibu siyaandiki hapa.

Tulipokuwa kwenye ngazi tukishuka, binti mmoja aliyekuwa pale kwa mafunzo ya vitendo akatufuata. "Shikamoo babu. Mama samahani, huu mchoro ulipimwa kwa mfumo gani?" Swali hilo moja! Mara mbili nilikuwa nimefika pale, hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na karatasi ya mpima kwenye mkoba, na juu kabisa imeandikwa Arc 1960, kanda ya 36 Kusini, yaani mfumo wa vipimo na kipande cha dunia tulichomo.

Akatukalisha kwenye benchi akatueleza taratibu. Arc 1960 ni mfumo wa zamani ambao ramani na vipimo vingi vya nchi yetu vilijengwa juu yake, nao unaichukulia dunia kwa umbo la Clarke 1880. GPS ya simu na Google Earth vinatumia WGS 84, umbo jingine na kitovu kingine. Namba zote mbili ni mita, zinafanana kwa sura, lakini ukizisoma zile za zamani kana kwamba ni za mfumo mpya, huku kwetu kila kitu kinahama karibu mita 300 kwenda kaskazini na kama 80 kwenda magharibi. Kaskazini kwetu ni mlimani. Mlimani ni msituni. Na DXF yenyewe haikuja na maelezo ya mfumo wake, kwa hiyo programu ilipokea tu ilichoambiwa.

Alifungua QGIS, programu ya ramani, akaweka namba 21036, ya Arc 1960, pale mwenzake alipoweka 32736, ya WGS 84, akahamisha upya. Haikufika dakika tano. Mzee akasogea kwenye kioo, akaonyesha kwa kidole: huu mto, huu mgomba wa jirani, hapa bikoni yangu.

Kwa haki, nilitaka kuwapa nyota mbili. Mipaka waliifunga vizuri, hakuna poligoni, yaani umbo la shamba, iliyoachwa wazi. Nakala ya shepufaili, fomati ya zamani ya ramani, waliyotupa ilikata vichwa vya safu, tarehe_ya_kupanda na tarehe_ya_kupogoa vikabaki tarehe_ya_ na tarehe_y_1, lakini hilo siwalaumu, kichwa cha safu kwenye shepufaili hakibebi zaidi ya herufi kumi. Siku nyingine nitaomba GeoPackage, fomati mpya isiyokata hivyo. Na mpima naye angeweza kuandika mfumo ndani ya mchoro wenyewe. Hata mimi nilikuwa na karatasi, ningeitoa kama ningeulizwa.

Ila sikuulizwa. Na tulipotoka, kijana yuleyule alitudai hela ya marekebisho. Alizihesabu, akazitia droo, mzee bado amesimama. Hapana, hizo nyota mbili nazirudisha. Ni za yule binti, na yeye hakuwa mfanyakazi wao. Mkienda pale mkamkuta, mpeni kazi yenu. Msipomkuta, ulizeni kabla ya kulipa: mtasoma data yangu kwa mfumo gani? Akisema ni mita tu, chukueni flashi yenu mshuke ngazi.

Mnunuzi alilipokea faili jipya na kahawa ikaenda. Lakini jirani zake mzee waliisikia ile orodha ya kwanza, hii ya pili wengi hawakuisikia. Kila tukikutana gulioni ananiuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, kule Ulaya wameshajua kwamba shamba langu liko chini?"