Unanunua ampu? Anza na nobu ya sauti

Huu mwezi wa pili nasikiliza muziki na spika moja. Ampu, lile dude la kukuza sauti kabla haijafika kwenye spika, nimelitoa Kariakoo, dukani lilipiga mpaka vioo vinatetemeka nikalipa fasta, usiku nyumbani mtoto kalala nashusha sauti, spika ya kushoto kimyaa, ya kulia inaendelea kuimba peke yake. Nimerudi, jamaa ananiambia "dada we ongeza tu sauti, zitalingana." Saa sita usiku hiyo!

Mambo ya wati na besi siongelei, mnayajua. Mi nataka mzungushe nobu. Ndani yake kuna njia mbili za kaboni, moja ya kushoto moja ya kulia, zikitengenezwa kibahili hazilingani na utalijua hilo kule chini karibu na sifuri. Vumbi likiingia ndo ile kwara kwara ukizungusha. Fundi akipuliza sprei mkwaruzo unaisha, kutolingana hakuishi ng'o, msilipe mara mbili kama mimi.

Namba moja kwangu Yamaha, A-S301 au A-S501, na sifichi nawapenda. Zina nobu ya pili ya laudnesi: sikio likipewa sauti ndogo linapoteza besi kwanza, kwa hiyo unaweka voliumu pale juu unapopenda afu unashusha kwa hii nyingine, besi inabaki. Watu wenye watoto mnanielewa.

Namba mbili, ampu lenye potenshometa (hicho kifaa cha njia za kaboni ndani ya nobu) ya kampuni ya Alps, RK27, ile ya kiboksi cha bluu. Muulize muuzaji, akikutolea macho ushapata jibu.

Tatu ni nobu zinazozunguka bila mwisho, sauti inapangwa na chipu. Kushoto na kulia zinalingana vizuri ila zingine zinaruka, hatua moja husikii kitu, inayofuata jirani anagonga ukuta. Na kama unatumia bluetooth sauti ya simu iache juu karibu na mwisho, punguza kwenye ampu, maana kwenye simu kila desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoshusha ni kama umekata biti 1 ya muziki, yaani unapunguza taarifa za muziki wenyewe.

Sabufa za bei chee? Zungusha, sikiliza, ondoka.

Tatizo wauzaji hawataki ujaribu sauti ndogo, wanafungulia yote duka zima linapiga kelele utasikia nini hapo, afu boksi limeandikwa wati 10000 PMPO (wati za kutangazia biashara tu) wakati plagi yenyewe inavuta wati 60. Ukiuliza bei mtandaoni, "njoo inbox dia." Inbox nikaenda. Kaniuliza kwanza niko mkoa gani.