TAHADHARI kwa wenye gari Unguja: kuna gereji inachomoa waya wa taa ya oili

Assalaam aleikum. Wenye IST, Vitz, Passo, Noah na wengineo mnaofanya sevisi hapa Mjini, someni hii kabla hamjampa mtu ufunguo. Kuna gereji moja katika Mkoa wa Mjini Magharibi inajitangaza kwa stetasi za WhatsApp: "sevisi kamili", oili, filta na kukaguliwa kwa kompyuta, kwa bei ambayo ukienda nayo Darajani hupati hata galoni moja ya oili ya maana. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu shauri bado bichi. Mchezo wao lakini nitaueleza wote, na ukishaujua utawatambua hata wakihama mtaa.

Wanamwaga oili yako. Wanatia oili ya pipa isiyo na jina. Filta wanaifuta vumbi tu, wanaiacha palepale. Halafu wanachomoa waya wa taa ya oili. Baada ya muda gari inaanza kelele na moshi, unarudi kwao ndo unaambiwa injini imekufa, na kwa bahati ya ajabu wanayo nyengine stoo, "imetoka Japani juzi".

Gari yenyewe ni ya dada yangu, mwalimu wa skuli, IST ya injini ya 1NZ-FE. Ilikuwa haitoi moshi wala haili oili. Alipofika pale alikalishwa chumba cha mbele penye feni na televisheni, gari ikapelekwa nyuma asikoona. Alipotoka alikabidhiwa boksi tupu la filta mpya, eti ushahidi, na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu "service full". Aina ya oili haikuandikwa, wala kilomita, wala muhuri haupo.

Siku zilizofuata, asubuhi akiwasha gari, injini inagonga kwa sekunde chache kisha inatulia. Ikaja harufu ya kuungua. Ikaja na moshi wa buluu nyuma, hasa akikanyaga mafuta kupandisha kasi. Taa yoyote kwenye dashibodi? Hakuna. Akarudi kwao. Wakamchomekea mashine, ikaonesha msimbo (namba ya hitilafu) wa VVT-i, ule mfumo unaopanga muda wa valvu kwa presha ya oili, wakatikisa vichwa: ring zimekwisha, yaani pete za pistoni zinazozuia oili isiingie panapoungua mafuta, injini haifai, afadhali ibadilishwe nzima. Katika makadirio wakamtilia na bei ya "mkanda wa taiming". Hapo mie nilicheka peke yangu. 1NZ haina mkanda wa taiming, ina cheni. Fundi asiyejua hilo asiiguse IST, na anayejua akaandika vile vile, basi mshajua ni mtu wa namna gani.

Sasa tuje kwenye tulichokikuta, maana ndicho kitakachokusaidia kuipima gari yako.

La kwanza, kipimo. Gari iwe mahali tambarare, injini ipate moto kidogo, uizime, uisubiri kama dakika 5 oili ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute kwa tambara safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena ndo usome. Watu wengi wanasoma ile mara ya kwanza, na ile haina maana kwa sababu oili imerukia kote. Inatakiwa iwe baina ya alama mbili, L ya chini na F ya juu. Ya dada ilikuwa imepita F vizuri sana, upana wa kidole.

Nawajua wanaosema oili ikizidi si neno, bora izidi kuliko ipungue. Si kweli. Injini hizi za 1NZ zinachukua lita 3.7 hivi ukibadilisha na filta. Oili ikizidi sana, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaifikia kule chini kwenye sampu, bakuli la oili, na kuipiga mpaka inatoa povu. Povu ni hewa, na pampu ikivuta hewa badala ya oili, presha inashuka. Oili nyengine inapitia njia ya kupumulia ya injini, inaingia kwenye hewa ya kuunguzwa, na huo ndio moshi wa buluu. Kwa hiyo ule moshi walioupa jina la ring ulitokana na wao wenyewe kujaza kupita kiasi. Swali la kujiuliza ni jepesi: moshi ulikuwapo kabla ya sevisi? Ring hazilali nzima zikaamka mbovu siku moja baada ya kubadilishwa oili.

La pili, oili yenyewe. Ilikuwa nyeusi kama wino wa ngisi na nyepesi mno, ukiisugua baina ya vidole haina utelezi. Hapa nataka niwe mwadilifu, kwa sababu tusije tukawavunjia heshima mafundi wasio na hatia. Oili nyeusi peke yake si ushahidi. Gari ya dizeli, oili mpya inageuka nyeusi upesi sana. Ya petroli nayo ikibakiwa na mabaki ya oili chafu ndani itaingia weusi kidogo. Lakini injini ya petroli iliyotiwa oili mpya, siku ileile jioni ukichomoa kijiti unatarajia uone rangi ya asali au karibu yake. Ikiwa tayari ni nyeusi tii, muulize fundi alitia nini. Inuse pia. Ikinuka petroli na kimo kinapanda badala ya kushuka, basi petroli inavujia ndani, na hilo ni tatizo jengine kabisa ambalo halihusiani na oili ya pipa.

Na wale wanaokuja na picha za ule utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, usikubali kuuziwa injini kwa hilo peke yake. Kwa unyevu wa hapa kwetu, gari inayokwenda safari fupi fupi tu, nyumbani na sokoni, oili haipati moto wa kutosha kukausha maji, na yale maji yanaganda juu kwenye kifuniko. Angalia kijiti. Kama na kule oili ni maziwa, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanavujia wapi, hapo ndo hofia gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, na gari usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Tia ufunguo, uzungushe mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Tafuta ile taa nyekundu yenye alama ya kopo la mdomo mrefu na tone. Lazima iwake. Ukishawasha gari, taa hiyo izimike yenyewe ndani ya sekunde chache. Ya dada haikuwaka kabisa. Tukamwita fundi wetu wa Mwanakwerekwe, mtu mzima aliyezeekea kazi hii, akainama, akautafuta waya wa swichi ya oili, akaukuta umechomolewa na ncha yake imezungushwa tepu nyeusi mpya, imefungwa pembeni vizuri isining'inie. Waya hauchomoki wenyewe ukajifunga tepu, jamani.

Kwa Toyota hizi swichi ya oili inafanya kazi hivi: ikiwa hakuna presha, inaunganisha waya na bodi ya injini, taa inawaka. Presha ikija, inaachanisha, taa inazima. Ukiuchomoa waya, taa haitawaka milele, hata sampu ikiwa kavu. Na kwa nini wauchomoe? Oili ile ya pipa ikishapata moto inakuwa nyepesi hata gari ikisimama kwenye foleni taa inaanza kupepesa. Mteja akiiona atarudi siku hiyohiyo. Asipoiona ataendesha mpaka injini inoki, na wakati huo hakuna wa kumlaumu.

Tena ieleweke kwamba taa ile inaonesha presha, haioneshi kimo. Kimo kinaweza kuwa chini ya L na taa isiwake. Ikiwaka uko njiani, uwe Bububu au Jozani, weka pembeni uzime injini papo hapo. Usiseme nitafika nyumbani tu. Dakika chache bila oili zinatosha kula beringi za krenki.

Filta nayo haikubadilishwa. Fundi wetu ana tabia ya kuandika tarehe kwa kalamu ya wino chini ya kila filta anayoifunga, na tarehe yake mwenyewe aliikuta palepale, kwa mwandiko wake. Ile kelele ya asubuhi ilitoka hapo: ndani ya filta kuna raba inayozuia oili isishuke gari ikilala, raba ikichakaa oili yote inarudi chini, na asubuhi injini inaanza kavu mpaka pampu iipandishe. Filta mpya, kelele ikaisha.

Fundi wetu alipoimwaga ile oili, ilijaza galoni ya lita 4 ikabaki na ya kujazia chupa. Ring hazikuguswa. Fundi alifunga geji ya mkono mahali pa swichi kuipima presha kwanza, akaridhika, akarudisha swichi na waya wake, akatia filta na oili yenye jina. Valvu ya VVT-i ina chujio dogo, aliisafisha, ilikuwa imezibwa na utope, na ndio uliokuwa ukileta ule msimbo. Moshi uliendelea kidogo kwa yale yaliyokwishaingia njia ya hewa, kisha ukakatika. Injini "iliyokufa" inakwenda skuli kila siku mpaka leo.

Kwa hiyo ukienda gereji yoyote usiyoijua, simama pale pale penye gari yako. Gereji inayokwambia mteja haruhusiwi kuona, chukua ufunguo wako uende zako. Oili ifunguliwe mbele yako, na ile pete ya kifuniko ikatike mbele ya macho yako, kwani galoni za zamani zinakusanywa na kujazwa tena. Soma namba: kwa IST utaona watu wanatumia 5W-30, na gari kongwe zilizochoka wanapenda 20W-50. Kwa joto la hapa ile namba ya mbele ya W haitusumbui sana, ni ya baridi. Ya nyuma ndiyo inayosema uzito wa oili injini ikiwa moto. Tazama pia herufi za API, zile za daraja la oili, ya petroli inaanza na S, mfano SN au SP, na ya dizeli inaanza na C. Ndoo nyeupe isiyo na maandishi haina herufi wala namba, na hilo linakutosha.

Filta kuukuu waombe wakupe mkononi, si boksi la mpya. Na uangalie raba ya filta ya zamani imetoka nayo, maana mara nyengine inanata kwenye injini, mpya inafungwa juu yake, raba mbili, na oili inamwagika yote ukiwa barabarani. Hili la raba linawatokea hata mafundi wazuri wenye haraka, halina wizi ndani yake, ila injini haijui tofauti.

Dada aliwarudia na galoni ya ile oili na picha ya waya. Wakasema oili nyeusi ni kawaida. Kuhusu waya wakasema labda panya. Panya wa Unguja sasa wanatumia tepu. Siku ya pili wakampigia simu wamrudishie pesa ya sevisi akiifuta ile picha ya waya aliyoiweka kwenye grupu la walimu. Amekataa.

Kwa Zanzibar, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, na suala la ubora wa bidhaa, kama oili isiyo na alama, ni la Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Msipeleke TBS, hiyo ni ya Bara. Nenda na kikaratasi ulichopewa hata kama ni kibovu, picha zenye tarehe, na oili yenyewe kwenye chupa safi iliyofungwa. Usiimwage.

Kama ulifanya sevisi kwa watu wa bei hiyo ya stetasi, kesho asubuhi kabla hujapiga stata fanya lile jaribio la ufunguo. Taa isipowaka, piga picha ya waya ulivyo kabla fundi hajaugusa, na nitumie faragha pamoja na picha ya risiti. Tunakusanya ili twende ZFCC kwa pamoja. Walio Pemba, kuna mtu ameniambia kaiona bei hiyohiyo inatangazwa Chake. Kama ni kweli na unazo picha, nitumie pia.