Theluji ya upande mmoja: Ulaya au Marekani?

Upepo huizoa theluji upande mmoja wa paa na kuirundika wa pili. Kanuni ya Ulaya ya kukadiria mzigo huo wa theluji, EN 1991-1-3, haina makuu: kwa mteremko usiozidi nyuzi 30, weka 0.8 ya mzigo wa theluji ya ardhini upande mmoja, 0.4 mwingine, kisha geuza pande. Kwenye programu ya kukokotoa majengo ni dakika chache.

ASCE 7 ya Marekani inasumbua. Kwa mapaa mapana, upande unaopigwa na upepo hubaki na asilimia 30 ya mzigo wa theluji wa paa; wa pili hubeba mzigo kamili pamoja na rundo la ziada linaloanzia mgongoni, yaani kwenye kilele cha paa, upana wake ukitegemea mteremko. Mimi naiamini hii zaidi. Ila fungua mchoro wa mizigo uone kama programu imeliweka rundo hilo upande sahihi.