Banda la mieleka la Tandika: utabiri usio na sababu hauandikwi ubaoni

Mpenzi wa mieleka ya Marekani anayeishi Dar es Salaam husumbuliwa na saa kuliko gharama. Onyesho linaloanza saa moja jioni mjini New York mwezi Aprili huanza kwetu saa nane usiku, na mtu anayetakiwa kuwahi daladala alfajiri hawezi kulikesha mpaka mwisho. Kwa hiyo mabanda ya video hulionyesha jioni inayofuata, na banda zuri hutambulika kwa namna linavyomwezesha mtazamaji kuifuata hadithi ambayo kwingine duniani imeshafika mwisho. Kwa kipimo hicho, banda lililo nyuma ya soko la Tandika, lile lenye mabati yaliyopakwa rangi ya bluu na ubao mweusi karibu na mlango, linayazidi mengine yote niliyowahi kuingia kuanzia Mbagala hadi Manzese.

Kiingilio ni shilingi 500 siku za kawaida na shilingi 1,000 kwa maonyesho makubwa kama Royal Rumble, WrestleMania na SummerSlam. Ndani kuna televisheni mbili, benchi za mbao zisizo na egemeo, na feni ambazo hazitoshi miezi ya joto. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa bila kuchelewa. Nje ya mlango kuna mama anayeuza mihogo ya kukaanga yenye kachumbari, na mihogo hiyo ni mizuri. Hayo yote, hata hivyo, yanapatikana katika mabanda mengi ya jiji hili, na wala siyo yaliyonifanya niandike.

Kilichonifanya niandike ni ule ubao. Kabla onyesho halijaanza, mwendesha banda, mtu wa makamo ambaye vijana wote humwita Mjomba, hushika chaki na kuandika majina ya wapiganaji kwa jozi, mechi baada ya mechi. Anayetaka kutabiri husimama, hutaja jina la atakayeshinda, kisha hueleza sababu, na sababu hiyo ndiyo inayoandikwa chini ya jina. Jioni ya Jumatatu ya Pasaka mwaka 2025, banda likiwa limejaa watu waliokuja kuangalia usiku wa pili wa WrestleMania 41, kijana mmoja alisimama akasema John Cena atampiga Cody Rhodes kwa kuwa ana nguvu zaidi. Mjomba aliishusha chaki. "Nguvu siandiki, mwanangu. Niambie hadithi inamtaka nani." Kijana aliketi, akanong'ona na mwenzake, kisha akasimama tena: "Huu ni mwaka wake wa kuaga, Mjomba. Ric Flair, yule gwiji wa zamani, ana mikanda kumi na sita, na Cena anayo kumi na sita tangu 2017. Hawawezi kumwacha aondoke akiwa amefungana naye." Sababu hiyo iliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, na usiku ule Cena akauchukua mkanda wa kumi na saba, yaani ubingwa wake wa dunia wa kumi na saba.

Utaratibu huu ni sahihi kabisa, na unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu mabanda mengi hayaujui. Matokeo ya mieleka hii hupangwa kabla wapiganaji hawajaingia ulingoni. Kampuni inayoiendesha, WWE, wakati huo ikiitwa WWF, ililieleza Seneti ya jimbo la New Jersey mwaka 1989 kwamba biashara yake ni burudani, ikitaka iondolewe katika usimamizi wa michezo ya mapigano. Kwa hiyo mtabiri anayelinganisha uzito na misuli anapima kitu ambacho hakiamui chochote. Anachopaswa kupima ni hadithi: nani ameonewa na kwa muda gani, nani anakaribia kuondoka, ugomvi huu umebakiza sura ngapi, na onyesho kubwa linalofuata liko umbali gani. Stelingi na adui wapo kama katika filamu, lakini filamu huisha kwa saa mbili, na hadithi hizi huweza kuchukua miaka miwili. Mwenye kutabiri kwamba stelingi atashinda huenda akawa sahihi kuhusu hadithi lakini akakosea mwezi, na kukosea mwezi ni kukosea utabiri.

Kwa sababu hiyo hiyo Mjomba hakubali fedha iwekwe juu ya matokeo. Mwisho ulioandikwa na watu unajulikana na watu, na si haki kumtoza mtu fedha kwa jambo ambalo mwingine ameshalisoma kwenye simu yake tangu asubuhi. Mwenye kujua matokeo hutakiwa kunyamaza. Akiropoka, hutolewa nje na harudishiwi kiingilio chake. Nimeona sheria hii ikitekelezwa kwa mtu mzima mwenye heshima zake, naye akatoka bila ubishi.

Huduma bora zaidi ya banda hili hutolewa Jumapili alasiri zisizo na onyesho jipya. Mjomba hupanga marudio ya zamani kwa kufuata hadithi moja tangu mwanzo, na husimamisha picha kabla ya mechi ya mwisho ili watu watabiri upya, hata wale wanaokumbuka kilichotokea, kwa sharti kwamba wataje dalili walizoziona njiani. Hadithi inayorudiwa mara kwa mara ni ya Cody Rhodes, nami naamini hakuna inayofaa zaidi kumfundisha mtu kutabiri. Cody alirudi WWE Aprili 2022 kuutafuta mkanda ambao baba yake, Dusty Rhodes, hakuwahi kuuvaa. Aliumia msuli wa kifua, akakaa nje miezi kadhaa, akarudi na kushinda Royal Rumble ya Januari 2023, ambayo mshindi wake hupata nafasi ya kugombea mkanda katika WrestleMania. Dalili zote zilionyesha kwamba atamwangusha bingwa, Roman Reigns, katika WrestleMania 39 huko Inglewood, na watu wengi walitabiri hivyo. Reigns alishinda, baada ya Solo Sikoa, mtu wa ukoo wake, kuingilia kati.

Hapo ndipo Mjomba husimamisha picha na kuuliza: je, hadithi ilikuwa imekwisha? Jibu linalokubalika bandani ni kwamba haikuwa imekwisha, kwa sababu ukoo wa Reigns ulikuwa bado umesimama. Usiku mmoja kabla, ndugu zake wa karibu, The Usos, walipokonywa mikanda yao na Sami Zayn na Kevin Owens, lakini Solo alibaki mtiifu, na adui mwenye askari hata mmoja wa kumwokoa huweza kuokolewa. Cody alipaswa kuufuata mkanda mwaka mmoja zaidi. Alishinda Royal Rumble tena mwaka 2024. Kampuni ikaelekea kumpa The Rock nafasi yake, mashabiki wakapinga kwa sauti kubwa, na mpango ukabadilishwa. Tarehe 25 Machi 2024, mjini Chicago, The Rock alimpiga Cody nje ya ukumbi kwenye mvua mpaka akavuja damu. Mjomba hupenda kulisisitiza jambo hili: anayepigwa vibaya katika wiki za mwisho mtazame vizuri, maana waandishi hawamdhalilishi mtu kiasi hicho bila kumwandalia malipo. Katika WrestleMania XL huko Philadelphia, Cody alipoteza mechi ya watu wawili wawili usiku wa Jumamosi, kisha usiku wa Jumapili akaukatisha utawala wa Reigns uliodumu siku 1,316.

Mfano wa Sami Zayn hunigusa zaidi, na ninasikitika kwamba bandani hupitiwa haraka. Februari 2023 alipigana na Reigns mjini Montreal, nyumbani kwake, mbele ya watu waliokuwa wakilia kwa kumtaka ashinde. Moyo ulisema Sami. Kalenda ilisema Reigns, kwa kuwa WrestleMania ilikuwa imebakiza wiki sita na mpinzani wa Reigns huko, Cody, alikuwa ameshajulikana. Kalenda ilishinda, lakini Sami hakuachwa mikono mitupu; ile mikanda waliyonyang'anywa The Usos wiki sita baadaye ndiyo iliyokuwa malipo yake. Mtu akiielewa mechi hiyo moja, ataelewa kwamba katika mieleka kushindwa mara nyingi ni deni, na mtabiri hodari hukumbuka nani anamdai nani.

Kuna wakati ambapo jambo la nje ya hadithi huibadilisha hadithi. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alikuwa ameitumikia WWE miaka kumi na moja bila kuushika mkanda mkubwa. Mapema mwaka 2019 Mustafa Ali aliumia, Kofi akawekwa mahali pake katika Elimination Chamber, mechi ya watu sita ndani ya kizimba, na umati ukamshangilia kiasi kwamba haikuwezekana tena kumrudisha nyuma. Aprili mwaka huo alimshinda Daniel Bryan, akawa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Marudio hayo yanapoonyeshwa Tandika, watu wazima husimama kwenye benchi. Oktoba mwaka huo huo Brock Lesnar alimmaliza kwa sekunde chache tu, katika onyesho la kila wiki la Ijumaa, na bado naliona jambo lile kuwa dharau kwa hadithi iliyokuwa imejengwa vizuri. Nimefurahi kwamba Mjomba naye hulisema wazi badala ya kulitetea.

Pia huonyeshwa usiku wa Aprili 2014 mjini New Orleans ambapo Lesnar alimshinda The Undertaker, aliyekuwa ameshinda mara 21 mfululizo katika WrestleMania. Hakuna sababu iliyoandikwa kwenye ubao wowote ambayo ingeweza kulitabiri hilo, na ni vizuri vijana walione ili wasidhani kwamba kuijua kalenda ni kuyajua yote. Kinyume chake ni mechi ya mwisho ya Cena, Desemba 2025 mjini Washington, ambapo karibu banda zima liliandika jina la mpinzani wake, Gunther. Desturi ya mieleka ni kwamba anayeondoka humwachia sifa anayebaki. Waliotabiri walikuwa sahihi, lakini Cena alipogonga mkono kukubali kushindwa, sikusikia mtu akijisifu.

Sasa nieleze kasoro, kwa sababu banda zuri linastahili kukosolewa kwa ukweli. Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba mechi za wanawake hupelekwa mbele kwa kasi, au huruhusiwa kupita watu wakiwa nje wakinunua mihogo. Hilo ni kosa la kiufundi pamoja na kuwa kosa la heshima. Mwaka 2019 mechi ya kufunga WrestleMania 35 ilikuwa ya Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair, na safari ya Becky kuelekea usiku ule, tangu alipovunjwa pua Novemba 2018 na kusimama katikati ya watazamaji uso ukiwa umejaa damu, ni miongoni mwa hadithi zilizo rahisi zaidi kusomeka na zenye utamu zaidi kutabiri. Banda linalofundisha kusoma hadithi haliwezi kuzifunga nusu ya kurasa. Nimemwambia Mjomba hivyo kwa adabu, akasema wateja ndio wanaotaka. Mimi nadhani wateja wangetaka vingine kama majina hayo yangeandikwa ubaoni sawasawa na mengine.

Kasoro ya pili ni kipaza sauti. Mjomba hutafsiri vizuri, kwa Kiswahili safi kisicho na matusi, lakini hutafsiri akiwa ameizima kabisa sauti ya watangazaji wa Marekani. Watangazaji hao huelekezwa cha kusisitiza, na wakianza kurudia jeraha la bega la mtu fulani kila wiki, hiyo ni dalili ambayo mtabiri anaihitaji. Ingetosha kuipunguza sauti yao na kuisimulia maana ya wanachosema. Tatu, katika siku za shule watoto wadogo wasikae mpaka saa nne usiku. Kuwarudisha nyumbani mapema hakungelipunguzia banda mapato, kwa kuwa wengi wao huingia bure.

Kwa atakayependa kwenda: maonyesho ya kila wiki ni mawili, Raw ya Jumatatu huonyeshwa Jumanne, na SmackDown ya Ijumaa huonyeshwa Jumamosi, zote saa moja usiku. Shuka kituo cha Tandika sokoni, pita upande wa wauza mitumba, na uliza banda la ubao. Hata wachuuzi wasioangalia mieleka wanalifahamu. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana ubao hufungwa onyesho linapoanza, na Mjomba hamwongezi jina mtu aliyechelewa, hata awe mteja wake wa miaka mingi.