Alaska baada ya kuahirishwa mara mbili: uzoefu wangu wa kupanga meli na ndege wakati wa korona

Mama yangu ni mzaliwa wa Mombasa na bahari haimshangazi. Alichokuwa akikisema miaka yote ni barafu: anataka kuiona ikimeguka na kuanguka majini, kama alivyoiona kwenye televisheni. Mwishoni mwa 2019 mimi na mume wangu, tunaoishi Dallas, tukalipia safari ya meli ya kitalii kwenda Alaska, sisi wawili na yeye: siku 7, kutoka Seattle na kurudi Seattle, Julai 2020. Meli hiyo tulikuja kuipanda tarehe 18 Juni 2022.

Naandika kuhusu huduma nne tulizolipia katika muda huo: ndege, meli, bima na wakala. Kampuni zenyewe sizitaji, maana masharti yao yalikaribiana sana na shida niliyoipata ingempata mtu yeyote mahali popote.

Nianze na kosa langu. Tarehe 14 Machi 2020 CDC, mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilizuia meli za abiria kusafiri. Amri ya kwanza ilikuwa ya siku 30, nami nikaogopa. Siku ya pili yake nikaingia mtandaoni nikafuta mwenyewe tikiti zetu tatu za ndege za Seattle. Shirika likanipa vocha ya mwaka mmoja. Wiki tatu baadaye, tarehe 3 Aprili, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikayakumbusha mashirika ya ndege kwamba shirika likifuta ndege lenyewe, abiria ana haki ya kurudishiwa pesa zake hata kama tikiti ilikuwa ya zile zisizorejeshwa. Ndege yetu ilikuja kufutwa na shirika mwezi Juni. Ningetulia miezi mitatu, ningerudishiwa kila senti. Vocha tuliitumia nusu tu, iliyobaki ikaisha muda.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kitufe chochote, najiuliza nani anayeivunja safari hii, mimi au wao. Wakiivunja wao, nadai pesa. Nikiivunja mimi, nashukuru nikipata vocha.

Kwa meli tulikuwa na subira zaidi. Kampuni ilipofuta safari ilitupa chaguo mbili: kurudishiwa dola 4,200 tulizolipa, au kubaki na mkopo wa safari ya baadaye wa asilimia 125, yaani dola 5,250 za kulipia safari nyingine kwao. Tukachukua mkopo. Ulitufaa mwishowe, lakini simshauri mtu yeyote afuate mfano wetu bila kufikiri. Mkopo ni deni ambalo kampuni inadaiwa na wewe, na mwaka ule kampuni za meli zilikuwa hazina hata senti moja inayoingia. Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza iliingia katika ufilisi Julai 2020, wiki chache tu baada ya sisi kuchagua mkopo. Siku niliyosoma habari hiyo sikulala vizuri.

Tukahamisha safari kwenda 2021. Tarehe 4 Februari mwaka huo Kanada ikatangaza kwamba bandari zake zitabaki zimefungwa kwa meli kubwa za kitalii hadi mwisho wa Februari 2022. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui: kuna sheria ya Marekani ya 1886 inayokataza meli iliyosajiliwa nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kupitia nchi nyingine. Meli kubwa za kitalii karibu zote zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda na kwingineko. Kwa hiyo meli inayotoka Seattle kwenda Alaska sharti iguse Kanada, na Kanada ikifunga mlango, Alaska nayo imefungwa. Bunge la Marekani lilipitisha msamaha wa muda, rais akautia saini tarehe 24 Mei 2021, na Serenade of the Seas ikawa meli kubwa ya kwanza kuondoka Seattle tarehe 19 Julai. Safari yetu ilikuwa imeshafutwa tangu Machi. Nafasi zilizobaki zilikuwa chache na bei hatukuiweza.

Kufikia hapo nilikuwa nimechoka kupanga peke yangu. Nikamwendea dada mmoja Mtanzania hapa Dallas, wakala wa safari anayefanyia kazi nyumbani kwake. Kama kuna huduma moja katika hizi nne ninayoweza kumpendekezea ndugu yangu bila kusita, ni ya dada huyu. Jambo la kwanza aliloniuliza: "Mama atakuwa wapi mwezi mmoja kabla ya meli kuondoka?" Nikamwambia Mombasa, kwa kuwa alikuwa anakwenda huko Novemba 2021 kukaa na dada yake mgonjwa. Akasema, "Basi dada, hizi ni safari mbili. Usizifunge kwa kamba moja." Tikiti ya Mama ya kutoka Nairobi akainunua ya kubadilika tarehe, imfikishe Dallas zaidi ya wiki moja kabla ya meli. Tikiti zetu za Seattle nazo akazichukua za kubadilika bila faini, zitufikishe siku mbili kabla. Zilizidi zile za bei ya chini kwa dola 60 hivi kila moja. Nilinung'unika kimoyomoyo, nikalipa.

Kisha akaomba nyaraka zote miezi miwili kabla. Kadi ya chanjo ya CDC ilikuwa karatasi iliyojazwa kwa kalamu, na aliyemchanja Mama alikuwa ameandika majina mawili. Pasipoti ina matatu. Mimi nisingeliona kabisa. Mama akapiga simu mwenyewe kutoka Mombasa hadi kwenye duka la dawa alikochanjwa, akatoa ruhusa, wakanichapishia rekodi yenye majina yote matatu. Pale bandarini Seattle niliona familia ikiwa imesimamishwa pembeni kwa jambo linalofanana na hilo, watoto wameketi juu ya masanduku.

Sasa nieleze lililo gumu kuliko yote. Kila mamlaka ina saa yake, na hakuna anayezilinganisha kwa niaba yako. Tangu tarehe 6 Desemba 2021, kila anayeruka kuingia Marekani kutoka nje alitakiwa kupimwa siku moja kabla ya safari. Kabla ya hapo waliochanjwa walikuwa na siku tatu. Hiyo siku moja ilihesabiwa kwa kalenda, si kwa saa: ukiruka Alhamisi usiku, kipimo cha Jumatano asubuhi kinakubalika. Kampuni yetu ya meli nayo ilitaka kipimo cha haraka cha ndani ya siku 2 kabla ya kupanda, au PCR, kile cha maabara, ya ndani ya saa 72, na hizo 72 ni saa kweli, zinahesabiwa hadi dakika. Kanada ikataka kila abiria wa meli ajaze ArriveCAN, fomu yake ya mtandaoni ya kuingia nchini, ndani ya saa 72 kabla ya kupanda, hata kama hana nia ya kushuka Kanada. Nikachora siku zote kwenye karatasi moja, nikaibandika kwenye friji: nani, kipimo gani, kuanzia lini, mwisho lini. Karatasi hiyo ilitusaidia kuliko programu yoyote ya simu.

Mama akatoka Mombasa kwa treni ya SGR Jumanne tarehe 7 Juni, akalala Nairobi kwa mpwa wake, akapimwa Jumatano, akaruka Alhamisi kupitia Doha. Majibu yalifika saa kumi na moja jioni ya Jumatano, nikamshukuru Mungu kwa sauti nikiwa kazini. Akatua Dallas Ijumaa tarehe 10. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba sharti la kupimwa linaondolewa kuanzia Jumapili, tarehe 12. Tungesubiri siku tatu, pesa ya kipimo tusingeitoa. Mume wangu alisikitika, mimi sikusikitika hata kidogo. Kupanga kwa kutumaini kwamba sharti litafutwa ni hatari kubwa mno kwa mama wa miaka 71 aliye peke yake uwanjani.

Alhamisi tarehe 16 tulijipima sote watatu mezani, kwa vile vipimo vya nyumbani vinavyosimamiwa kwa video. Huduma hii naipa alama za juu. Unafungua boksi mbele ya kamera, msimamizi anakuangalia ukijipitishia pamba puani, unasubiri dakika 15 bila kuondoa kipimo kwenye picha, cheti kinakuja kwa barua pepe. Msimamizi wa Mama alikuwa na subira ya ajabu; nilikuwa namfasiria Mama kila hatua, naye akasubiri mpaka kila neno lieleweke. Jioni hiyo tukiwa tumeshafunga mizigo, ndege yetu ikafutwa. Hapo zile siku mbili za ziada na zile dola 60 zikajilipa. Dada wakala akatuhamishia kwenye ndege ya Ijumaa mchana kabla hata sijamaliza kumweleza kilichotokea. Uwanjani niliwasikia watu waliopanga kufika asubuhi ileile ya meli yao. Sijui kama walifika.

Meli yenyewe ilikuwa nzuri, na hapa sina mengi. Haikujaa. Wahudumu walivaa barakoa muda wote. Abiria walishauriwa tu. Mafunzo ya usalama, ambayo zamani mlikusanywa wote sitahani na majaketi ya kujiokolea, sasa unatazama video chumbani kisha unakwenda kituo chako kuandikishwa. Huo ni utaratibu bora, natumaini hautaondolewa. Mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana wa Indonesia. Aliniambia kwamba mwaka 2020, baada ya abiria wote kushuka, alibaki ndani ya meli miezi minne hakuna nchi inayowaruhusu kutua, mke wake akiwa amejifungua mtoto wa kwanza. Tunapolalamika kuhusu vocha, hao pia wakumbukwe.

Huko Glacier Bay, ghuba ya barafu ya Alaska, Mama alikaa sitahani saa nzima na nusu, amejifunga blanketi la chumbani, hasemi. Barafu ikapasuka kwa mlio kama wa mzinga kabla hatujaona kitu kikianguka. Akasema tu, "Subhanallah." Skagway, mji wa watu wapatao elfu moja ambao mwaka 2020 haukuona meli kubwa hata moja, tulipanda treni ya White Pass inayokwea mlimani. Njia hiyo ilijengwa kati ya 1898 na 1900. Nilipomwambia hivyo Mama akauliza, "Wakati mmoja na reli yetu?" Ndiyo, ile ya Mombasa ilianza 1896 na kufika ziwani 1901. Akaitazama milima kwa namna nyingine baada ya hapo, akiuliza waliojenga walikuwa kina nani na wangapi walikufa.

Victoria, Kanada, ile bandari ambayo kwa ajili yake tulingoja miaka miwili, tulikaa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Mama na kadi yake ya ukaazi wa kudumu wa Marekani hakuhitaji viza. Tulitembea, tukanywa chai, tukarudi.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 25, baada ya kushuka Seattle, mume wangu akaanza kukohoa. Tukanunua kipimo duka la dawa karibu na hoteli. Mistari miwili. Chanjo tatu, vipimo, barakoa, na bado. Mimi na Mama tulitoka safi siku hiyo na siku zote zilizofuata, lakini kupanda ndege na mgonjwa hatukukubali. Ushauri wa CDC ulikuwa kutosafiri hadi zipite siku 10 kamili. Tukachukua vyumba viwili, chakula nikawa namwachia mlangoni.

Ndipo nilipoielewa bima. Bima ya kawaida ya safari inalipa ukiugua. Hailipi nchi ikifunga mipaka, wala wewe ukibadilisha nia kwa hofu. Kwa hayo kuna ile ya kughairi kwa sababu yoyote: ni ghali zaidi, kwa kawaida hurudisha kati ya asilimia 50 na 75, na mara nyingi lazima uinunue ndani ya wiki mbili tatu tangu utoe amana ya kwanza. Mwaka 2020 hatukuwa na yoyote. Mwaka 2022 tulichukua ya kawaida, na ikatosha, ingawa fomu zao zinachosha: barua ya daktari, risiti ya kila usiku, uthibitisho wa kipimo chenye tarehe. Kipimo cha dukani hawakukikubali peke yake, ikabidi mume wangu apimwe tena kliniki. Walilipa vyumba vyote viwili baada ya wiki sita. Chakula walikikataa.

Dada wakala alipopokea simu yangu siku ile ya Jumamosi alinipa pole, akauliza Mama anaendeleaje, kisha akasema tukae kimya, tusiguse tikiti. Baada ya nusu saa akanitumia mpya. Tuliruka kurudi Dallas Jumatano tarehe 6 Julai, sote watatu, kiti kwa kiti. Tofauti ya nauli ilikuwa dola 18 kwa kila mmoja, faini hakuna.